Vidonge Ndani ya Kopo la Ugoro

Leodgar aliisukuma sahani. Hakuisukuma kwa hasira. Aliisogeza taratibu kwa kidole kimoja, kama mtu anayemfukuza kuku bila kutaka kumuumiza, akasema, "Mama Recho, chumvi."

"Chumvi imefanya nini?"

"Imezidi."

Nyamburi alimtazama mumewe, akaitazama na sahani. Mwanamke huyu alikuwa anauza kayabo katika soko la Bunda tangu hajaolewa. Kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akasuguliwa chumvi mpaka mifupani, akaanikwa juani hadi akawa mgumu kama ubao wa mlango. Hata huyu mume alimpata kwa kayabo. Enzi hizo Leodgar, dalali wa ng'ombe, akitoka mnadani lazima apite kwenye meza yake, amege kipande kikavu hivyohivyo bila kuloweka, atafune, aseme mbele za watu, "Mwanamke anayejua kutia chumvi namna hii mimi nitamwoa." Akamwoa kweli. Wakajenga Nyasura, wakazaa, binti yao mkubwa Recho sasa yuko chuoni. Miaka yote hiyo chumvi haijawahi kuzidi. Imezidi leo?

"Nani amekufundisha kula chukuchuku, chakula kisicho na chumvi wala kiungo?" aliuliza.

"Hakuna aliyenifundisha. Mtu anabadilikaga."

Neno hilo Nyamburi aliondoka nalo kwenda kuosha vyombo, akalisugua pamoja na sufuria. Mtu anabadilika. Mtu habadiliki peke yake, kuna mtu anambadilisha.

Na ingekuwa ni sahani tu iliyosukumwa, angenyamaza. Lakini kulikuwa na kitanda. Leodgar aliyekuwa hajui kulala bila kumwekea mkono mkewe kiunoni, sasa alikuwa anageukia ukutani. Mwanzo alisema amechoka, mnada wa Nyamuswa ulikuwa na vumbi. Baadaye akasema mgongo. Baadaye hata kusema akaacha, anajikunja tu kama mtoto aliyechapwa, anajifanya anakoroma. Nyamburi aliishi naye muda mrefu, koromo lake la kweli alikuwa analijua na la uongo analijua. Akalala chali anatazama bati, anajiuliza ni nani huyo anayemmaliza mwanaume huko nje mpaka akifika nyumbani hana hata neno.

Hivyo ndivyo wivu unavyoingia. Haubishi hodi. Akaanza kunusa kola za mashati kabla ya kuyaloweka. Akaanza kutazama viatu, hili ni tope la Bunda au ni mchanga wa ziwani? Simu ikilia, anageuka na sufuria mkononi. Leodgar akitabasamu peke yake, anaumia. Asipotabasamu, anaumia zaidi.

Sokoni meza yake ilikuwa jirani na ya Petronila, muuza dagaa, mwanamke mwenye mdomo usiokaushwa na jua lolote. Asubuhi moja Petronila alimwona anapasua samaki kwa panga kana kwamba anakata kuni.

"We mama Recho, huyo samaki umemkamata na mumeo?"

Wanawake wa meza za karibu wakacheka. Nyamburi hakucheka. Petronila naye akasogeza kigoda chake, akashusha sauti, na sauti ya Petronila hata ikishuka inasikika mpaka kwenye mabasi.

"Basi kama hucheki nikwambie. Juzi nilienda Musoma mwaloni kuchukua dagaa. Narudi nimepita mtaa wa Mukendo, nani namwona? Shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Wangapi ninao? Baba Recho. Anatokea mlango wa nyuma wa nyumba moja yenye geti la bluu. Na anavyotoka, mwenzangu, anafunga kifungo cha mkono wa shati."

Panga likasimama hewani. "Kifungo?"

"Kifungo. Cha mkono huu hapa, wa kushoto. Sasa wewe niambie, mwanaume aliyevaa shati asubuhi nyumbani kwake Nyasura, anakuwaga na kazi gani ya kufunga vifungo Mukendo mchana?"

Nyamburi alisema labda ni joto. Alisema labda aliosha mikono. Petronila akamtazama kama anavyotazamwa mteja anayedai dagaa wana mchanga, akasema, "Haya, joto."

Jumatano iliyofuata Leodgar alisema anakwenda Musoma kuonana na mnunuzi wa ng'ombe. Alivaa shati lake jeupe la mikono mirefu, lile la kanisani. Mkewe akamwitikia, "Nenda salama, baba Recho," kisha akafunga mlango, akajitanda kitenge asichopenda kukivaa, akapanda gari la nyuma yake.

Huko Mukendo alisimama kwenye duka la vitenge linalotazama uchochoro wa lile geti la bluu. Akashika kitambaa hiki, akashika kile, mwenye duka akamuuliza anataka yadi ngapi, yeye macho yako getini. Na kweli geti likafunguka. Leodgar akatoka. Mkono wa kushoto wa shati umekunjwa mpaka juu ya kiwiko, naye anaukunjua, anaunyoosha, anafunga kifungo. Nyuma yake akatoka mwanamke. Ana umri wa chini kuliko wa Nyamburi, mnene wa kupendeza, nywele kasuka vizuri, juu amevaa sweta la kahawia. Akampigapiga Leodgar begani, akasema kwa sauti ya mtu asiyejificha, "Na tarehe yetu usinikwepe, baba, nitakufuata hukohuko Bunda!"

Na Leodgar akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Nyamburi kuliko kifungo na kuliko mlango. Alikuwa hajakisikia nyumbani siku nyingi, akadhani kimekufa. Kumbe kiko hai, kinaishi Mukendo.

Angezunguka nyumba ile upande wa barabara kubwa, angeona kibao cha zahanati. Angeona wajawazito kwenye benchi, mzee mmoja na magongo yake, na watu wengine wakiingia na kutoka na vipakiti vyao vya dawa. Angeona na wahudumu wenye masweta ya kahawia juu ya sare. Hatua chache tu. Lakini wivu haukumpeleka mbele ya nyumba, ulimsimamisha nyuma, na alichokiona nyuma kilimtosha. Akarudi Bunda bila kitambaa.

Kwa nini Leodgar alitokea nyuma? Kwa aibu hiyohiyo iliyomtoa Bunda, ambako kila muuguzi ni binamu wa mtu, akaenda kutafuta dawa Musoma. Presha walimkuta nayo kwa bahati, siku alipompeleka mama yake kupimwa, na yeye wakamfunga kitambaa cha mashine mkononi kwa utani. Hakumwambia mtu. Alianza dawa. Presha ikashuka. Baada ya muda akaona na kitu kingine kimeshuka, kitu ambacho mwanaume wa Mara hakitangazi hata kwa daktari. Akageukia ukutani. Hayo yote Nyamburi hakuyajua, na hakuyauliza.

Aliyoyajua ni haya. Leodgar aliacha ugoro zamani, alipookoka, lakini kopo lake la bati bado lilikuwa kwenye mfuko wa koti. Mtu aliyeacha ugoro anatembea na kopo la nini? Siku moja, mume yuko bafuni, mke alilifungua. Ndani hakukuta ugoro. Alikuta vidonge vidogo vyeupe vimefungwa kwenye kipande cha nailoni, vingi, vya miezi miwili. Pakiti yenye maandishi haikuwepo, Leodgar alikuwa ameshaichana na kuitupa njiani asije mtu akaisoma.

Nyamburi alificha kimoja kwenye pindo la khanga, akakipeleka sokoni.

Petronila alikigeuzageuza kwenye kiganja chenye magamba ya dagaa. "Mmh. Hivi navijua."

"Vya nini?"

"Vya nini! Mama Recho, wewe ni mtoto? Hivi ndivyo wanavyomezaga wanaume wenye umri wakitaka kwenda kwa vimwana. Anameza, anaenda kule, anafanya kazi ya vijana. Akirudi kwako dawa imeisha, na yeye ameisha."

Maneno yakaingia kila mahali palipokuwa wazi. Chumvi, ukuta, kifungo, kicheko, kopo. Yote yakashikana kama matofali. Nyamburi alihisi masikio yanapata moto. Anameza dawa za nguvu! Nguvu zangu, nilizozilisha ndani ya nyumba yangu, anakwenda kuzinunua upya ampelekee mwingine!

Hata hivyo moyo wake ulimwambia aulize. Ng'ambo ya soko kulikuwa na duka la dawa la Lameck, kijana mstaarabu, waliimba naye kwaya moja ambayo Nyamburi ni mlezi wake. Nyamburi alivuka barabara na kidonge kimefumbatwa. Akafika mlangoni. Lameck akainua uso, akatabasamu, "Shikamoo mama mlezi." Atasemaje mbele ya kijana wa kwaya? Kwamba mama mlezi anatembea na vidonge vya kitandani? "Marahaba baba," alijibu, "napita tu." Akapita. Wenye waume, mkumbuke mlango huo. Kulikuwa na mtu ndani aliyekuwa na jibu, na mwenye swali akapita tu.

Mawazo yaliyofuata alisaidiwa na Petronila, lakini mikono ilikuwa yake. Alinunua duka jingine vidonge vya mafua, vidogo, vyeupe, ukiviangalia haraka ni vilevile. Vile vya kwenye kopo akavimwaga chooni. Vya mafua akavifunga kwenye nailoni ileile, kwa mkunjo uleule, akarudisha kopo kwenye koti.

"Sasa nenda," alimwambia mumewe moyoni alipomwona analivaa. "Nenda kwa huyo wako. Kameze, kajivune, halafu kaaibike. Na yeye ajue ulivyo ukiwa kwangu."

Akangoja aibu itokee Mukendo. Haikutokea Mukendo. Muujiza ulitokea Nyasura.

Wiki zikapita, na Leodgar akageuka kutoka ukutani. Mwanzo kwa woga, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika. Kisha bila woga. Mkono ukarudi kiunoni. Asubuhi anapiga mluzi akinyoa ndevu. Mezani akanusa sufuria, akasema, "Leo nipe ile kayabo yako, mama Recho, nimechoka na chakula cha wagonjwa," akala akalamba vidole.

Nyamburi alijua kilichotokea. Alikuwa na hakika nacho kama jina lake. Mume kaenda kule na vidonge vya mafua, kashindwa, kafukuzwa, karudi kwa mwenye mali. Amemshinda! Yule mnene wa sweta la kahawia na misuko yake, ameshindwa na muuza kayabo! Akatoa sandukuni kitenge kizuri, akatengeneza nywele, akaenda sokoni anatembea katikati ya njia.

"Kuna nini?" Petronila akamuuliza. "Leo unasalimia mpaka mbuzi."

"Hakuna kitu. Mtu anabadilikaga."

Wakacheka mpaka wakashikana.

Lakini wivu ukishapata ushindi haulali, unaanza kulinda. Leodgar alianza kushika kisogo. Akiwa amekaa tu, anaweka mkono nyuma ya shingo, anafumba macho. "Kichwa kinanigonga," anasema. Nyamburi anamtazama kwa pembeni: anamuwaza yule wa Mukendo. Akawa analisikia neno hilo kama nzi ndani ya sikio. Anamuwaza. Mnadani Nyamuswa aliyumba akashika pembe ya ng'ombe wa watu asianguke, wenzake wakamtania kuwa amekunywa. Habari zikafika nyumbani, na mke akasema kimoyomoyo, mapenzi ya Mukendo hayo, yanamtoka kwa shida. Mwili wa mumewe ulikuwa unapiga kelele kuomba msaada, naye anausikia unaita jina la mwanamke mwingine.

Hadi siku Leodgar aliposema, "Kesho kutwa nina safari ya Musoma."

Nyamburi aliweka chini kikombe. "Kwa nani?"

"Kwa mtu wangu mmoja. Nina habari njema ya kumpa."

Habari njema! Damu ilimpanda Nyamburi. Mume amepona kwake, sasa nguvu hizo anazipeleka Mukendo akaonyeshe! Hakulia wala hakupiga kelele. Alipiga simu Butiama, kwa shangazi Ghati, naye akawataka waje wote wawili.

Kwa akina Leodgar maneno ya kitanda hayaendi kwenye kikao cha wanaume. Yanakwenda kwa shangazi, dada wa baba, na yanasemwa jikoni kwake. Shangazi anakaa mbele ya mafiga, anawapa mgongo mume na mke, anashika ungo na kuchambua ulezi. Hawatazami wala hawamtazami usoni. Anayesema anausemesha mgongo, na mgongo hauna macho ya kumtia mtu haya. Ndivyo walivyofanya bibi zake, na ndivyo shangazi Ghati alivyofanya kesho yake asubuhi, baada ya kuwapokea na kupokea kayabo mbili nene ambazo Nyamburi alimletea zawadi.

"Nani ameita?" uliuliza mgongo.

"Mimi, shangazi," akasema Nyamburi.

"Sema. Nachambua tu."

Akasema. Alisema yote aliyokuwa ameyabeba: chumvi, ukuta, kifungo, geti la bluu, mwanamke mnene, kicheko. Ya kopo hakuyasema. "Na kesho anarudi tena kwake, shangazi. Amesema mwenyewe. Sasa achague. Mimi au huyo."

Ulezi ukapepetwa. "Leodgar, mwanangu, umesikia?"

Leodgar aliitikia kuwa amesikia. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Huyo mwanamke ni sista Sara. Muuguzi. Nyumba ile ni zahanati, huwa natokea nyuma nisionekane. Shangazi, mimi nina presha. Ya juu. Ananikunjaga mkono wa shati, ananifunga kile kitambaa chao, anapuliza, anasoma. Ndiyo mapenzi yetu hayo."

Nyamburi aliutazama mkono wa shati la mumewe.

"Sasa hizo dawa," Leodgar akaendelea, anausemesha mgongo wa shangazi, jasho linamtoka, "hizo dawa zilishusha presha zikanishusha na mimi. Nikawa si mwanaume. Sista aliniambia, mlete mama tuongee, dawa ziko nyingi, inayokukataa tunabadilisha. Nikaona aibu. Nikasema heri mke wangu anione mhuni kuliko anione nimekwisha. Lakini Mungu mkubwa. Miezi hii miwili nimemeza bila kuruka, na nguvu zimerudi, mama Recho ni shahidi. Ndiyo habari njema ninayompelekea sista kesho."

Kitu cha kwanza alichokihisi Nyamburi kilikuwa furaha. Hakuna mwanamke! Hakuwahi kuwepo! Furaha ikampanda mpaka kooni kama maji baridi. Ilipofika kooni ikakutana na kopo la ugoro.

Hukumeza, baba Recho. Hukumeza hata kimoja.

"Mke," ukasema mgongo, "umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Una neno?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini aliona jinsi litakavyosikika jikoni humo, mke aliyemwaga chooni dawa za mumewe, na jinsi litakavyotembea Butiama yote kabla ya jioni. Akapiga hesabu ya haraka ya mtu mwenye hofu: kesho anakwenda Musoma, atapewa mpya, hizo sitazigusa, nani atajua?

"Sina neno," akasema.

Shangazi akageuka, akaweka ungo chini, akacheka kwa meno yake machache. "Basi tuleni. Na mnawiane mikono, nyie watoto wakubwa."

Leodgar akatoka uani kunawa. Nyamburi alikuwa ameshika jagi, anammiminia. Mkono wa kulia wa mumewe ukawa haukingi. Maji yanapita, mkono unaning'inia. "Baba Recho, kinga basi," akamwambia kwa utani. Leodgar akainua uso kumjibu, na nusu ya uso haikuinuka. Mdomo ulikwenda upande. Alitoa sauti isiyo neno, akakaa chini kwenye tope la maji ya kunawia, na shati lake jeupe.

Gari la jirani liliwafikisha Musoma hospitalini. Shangazi Ghati alikwenda nao na aproni yake ya jikoni. Kwenye simu ya Leodgar walitafuta namba ya sista Sara, naye akaja mbio na sweta lake lilelile. Akamwinamia mgonjwa, akakunja mkono wa shati wa kushoto kwa vidole viwili, haraka, kama mtu anayefungua mlango wa kwao. Na Nyamburi, mume amelazwa nusu mwili umekufa, aliona wivu. Hata hapo. Aliona vidole vile vinavyoujua mkono wa mumewe, akauma midomo.

Daktari, kijana mwembamba, aliuliza, "Alikuwa kwenye dawa?"

"Kila siku, baba," akajibu shangazi. "Asubuhi hii kasema kwa mdomo wake. Hajaruka."

Sara akakunja uso. "Hizi dawa zilikuwa zinamshusha vizuri tu. Imekuwaje tena?"

"Basi presha imezizidi nguvu," daktari akasema akiandika. "Akitulia tutampandishia kipimo cha hizohizo na kumwongezea dawa ya pili."

Sara akamgeukia Nyamburi. "Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Alikuwa anameza kweli?"

Kifaa kilicho kitandani kinalia pii, pii. Nyamburi alitazama sakafu. Wanataka kumpandishia. Wanataka kumwekea dawa juu ya dawa ambayo hajaimeza, kwa sababu ya neno nililolimeza mimi. Macho yote yako kwake, ya daktari, ya muuguzi, ya shangazi.

Shangazi Ghati alikuwa amechambua ulezi na maneno ya watu maisha yake yote. Alimtazama mkwe wake, akaona. Taratibu akajizungusha kwenye benchi la hospitali, akampa mgongo, mgongo wa aproni yenye masizi.

"Nimegeuka," akasema. "Sema."

Na Nyamburi akauambia mgongo ule. "Hakumeza. Nilizimwaga chooni. Nilidhani ni za mwanamke. Nikamwekea za mafua, miezi miwili anameza za mafua." Kisha akakaa chini palepale sakafuni.

Daktari akafuta aliyoandika.

Leodgar hakufa. Mkono wa kulia umebaki mzito na maneno yake yanatoka yamelowa, lakini yanatoka. La kwanza lililoeleweka alilisema wiki ya pili, mkewe anamlisha uji.

"Ungeuliza," alisema.

Nyamburi akashusha kijiko. "Ungesema," alijibu, na wote wawili wakalia, kila mtu na lake.

Sara aliwaketisha baadaye wakiwa pamoja, akawaeleza bila kuzunguka. Kwamba presha yenyewe ikiachwa inaharibu mishipa ya damu, na ya kitandani ni mojawapo, hivyo mwanaume anaweza kuishiwa hata kabla hajameza kidonge. Kwamba dawa nyingine za presha nazo zinafanya hivyo kwa baadhi ya watu, wengine hapana. Kwamba mwanamke mwenye presha naye anaweza kupoa, ila yeye huwa haulizwi. Anayeona tofauti anarudi kusema, anabadilishiwa. Haachi mwenyewe. Na za nguvu za mitaani asiguse, zinaweza kumwangusha. Leodgar alibadilishiwa. Mengine ya chumbani kwao ni yao, itoshe kusema haangalii tena ukuta, na siku isipowezekana anasema leo haiwezekani, na mkewe hatafuti jina la mtu.

Kayabo Nyamburi anauza bado, lakini nyumbani wanakula chukuchuku. Petronila alikuja kuwaona akakaa mlangoni, kwa mara ya kwanza hana la kusema.

Na tarehe ikifika wanakwenda Mukendo wawili, wanaingilia mlango wa mbele, wanakaa benchi pamoja na wajawazito. Mwezi uliopita Sara alimaliza kupima, akasoma, akafurahi, akanyoosha mkono amfungie Leodgar kifungo cha shati, maana mkono wa kulia hauwezi.

Nyamburi alikuwa ameshafika.

"Acha, sista," alisema. "Kifungo hicho nafunga mimi."